Embraer EMB 312 Tucano

Embraer EMB 312 Tucano ni ndege ya mafunzo ya kijeshi yenye viti viwili na injini moja ya turbopropela. Ilibuniwa nchini Brazil mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1980. Toleo lake lenye injini ya nguvu zaidi, Short Tucano, lilitengenezwa mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, kwa ajili ya majeshi ya anga ya Uingereza, Kenya na Kuwait. Kwa jumla zilitengenezwa Tucano zaidi ya 600.

Tucano ilitokea wakati majeshi mengi ya anga yalikuwa yakiwafundisha marubani wao kwa ndege ndogo za jeti. Ilionyesha kwamba rubani wa jeti anaweza kupata sehemu kubwa ya mafunzo yake katika ndege ya propela, kwa gharama ndogo zaidi, mradi ndege hiyo imepangwa tangu mwanzo ili iendeshwe kama jeti. Leo nchi nyingi duniani hufuata njia hiyo.

Jina

Tucano ni jina la Kireno la tukani, ndege wa misitu ya Amerika mwenye mdomo mkubwa wenye rangi nyingi. Kwa umbo anafanana kidogo na hondohondo wa Afrika, ingawa hawako katika familia moja. Katika Jeshi la Anga la Brazil ndege hii inajulikana kama T-27, na zile zinazobeba silaha huitwa AT-27.

Usuli

Katika miaka ya 1950 na 1960 majeshi mengi ya anga yaliachana na ndege za mafunzo zenye injini za pistoni. Ufaransa ilitumia Fouga Magister, Uingereza ilitumia Jet Provost na Marekani ilitumia Cessna T-37. Zote tatu zilikuwa jeti ndogo. Hoja ilikuwa rahisi: rubani ambaye ataishia kwenye jeti ni afadhali aizoee jeti mapema.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa mafuta. Injini za jeti za wakati ule zilikula mafuta mengi, hasa ndege ilipokwenda polepole na karibu na ardhi, na hapo ndipo mwanafunzi anayeanza hutumia muda mwingi akirudia kupaa na kutua. Kati ya mwisho wa mwaka 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, kisha ikapanda tena mwaka 1979. Kila saa ya mafunzo ikawa ghali.

Kwa chuo cha urubani hilo ni zaidi ya suala la hesabu. Jeshi linaloshindwa kulipia mafuta lina njia mbili: kupunguza wanafunzi au kupunguza saa ambazo kila mwanafunzi anaruka. Njia ya pili ina hatari kubwa, kwa sababu makosa ya anayeanza hupungua kwa kurudia zoezi mara nyingi, na kosa linalofanyika hewani halifutwi kama lile la kwenye daftari. Swali lilikuwa jinsi ya kumpa mwanafunzi saa nyingi kwa fedha zilezile bila kumnyima mazoea atakayoyahitaji baadaye ndani ya jeti.

Kubuniwa nchini Brazil

Brazil ilikuwa mojawapo ya nchi zilizobanwa na bei ya mafuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake ilitoka nje. Jeshi lake la anga lilikuwa na ndege za T-37 ambazo zilikuwa zikizeeka na kudai matengenezo mengi. Nchi ilikuwa pia na kiwanda chake cha ndege, Embraer, kilichoanzishwa mwaka 1969 katika mji wa São José dos Campos. Kufikia miaka ya 1970 Embraer ilikuwa tayari inauza ndege ya abiria ya Bandeirante, ambayo ina injini mbili za turbopropela, na ilikuwa ikitengeneza kwa leseni jeti ya mafunzo kutoka Italia.

Mnamo Desemba 1978 serikali ya Brazil ilitia sahihi mkataba na Embraer wa kutengeneza ndege mpya ya mafunzo. Kundi la wahandisi liliongozwa na Joseph Kovács, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Brazil baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kovács alikuwa amebuni pia T-25 Universal, ndege ya pistoni ambayo wanafunzi wa Brazil waliitumia katika hatua ya kwanza ya mafunzo. Hivyo alifahamu vema mwanafunzi anatoka wapi kabla ya kufika kwenye ndege mpya.

Miezi takriban 20 baada ya mkataba, Tucano ya kwanza iliruka. Agizo la kwanza la jeshi la Brazil lilikuwa la ndege 118. Zilianza kutumika mwaka 1983, na makao yao makuu yakawa Chuo cha Jeshi la Anga huko Pirassununga, katika jimbo la São Paulo. Mwaka huohuo kikosi cha maonyesho cha Brazil, kinachoitwa Esquadrilha da Fumaça yaani Kikosi cha Moshi, kilianza kutumia Tucano, na kiliendelea nazo hadi mwaka 2013.

Muundo

Tucano ina bawa moja lililowekwa chini ya kiwiliwili, magurudumu matatu yanayokunjwa ndani baada ya kupaa, na chumba cha rubani kilichofunikwa kwa kioo kikubwa. Mambo matatu ya muundo wake yalilenga kumfanya mwanafunzi ajisikie yumo ndani ya jeti.

Jambo la kwanza ni viti. Katika T-37 na Jet Provost, mwalimu na mwanafunzi walikaa bega kwa bega. Katika Tucano mwanafunzi hukaa mbele na mwalimu nyuma yake, kama ilivyo katika ndege nyingi za kivita za viti viwili. Kiti cha nyuma kimeinuliwa juu kuliko cha mbele, hivyo mwalimu huona barabara ya kutua juu ya kichwa cha mwanafunzi wake. Mwanafunzi kwa upande wake hana mtu wa kumtazama pembeni. Huona anga pande zote mbili na huzoea kuamua mwenyewe.

Jambo la pili ni viti vya kujiokoa. Hivi ni viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege kwa nguvu ya baruti, kisha parachuti hufunguka yenyewe. Ndege za mafunzo za propela za awali kwa kawaida hazikuwa navyo: rubani alipaswa kufungua kioo, kutoka kwa nguvu zake na kuruka, jambo ambalo karibu na ardhi halikuwezekana. Tucano ilitoka kiwandani ikiwa na viti vya kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza. Pamoja na kuokoa maisha, viti hivyo vilimzoesha mwanafunzi mikanda, pini za usalama na hatua za dharura ambazo angezikuta tena katika ndege za kivita.

Jambo la tatu ni wenzo wa nguvu. Katika ndege nyingi za propela rubani huwa na wenzo mmoja wa nguvu ya injini na mwingine wa kubadilisha pembe ya mapanga ya propela. Katika Tucano kazi hizo mbili ziliunganishwa katika wenzo mmoja. Mwanafunzi husukuma mbele ili kuongeza nguvu na kuvuta nyuma ili kupunguza, kama katika jeti, na mitambo hupanga yenyewe pembe ya mapanga.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Injini ya turbopropela ni jamaa wa karibu wa injini ya jeti. Hewa huingia, hukandamizwa na kompresa, huchanganywa na mafuta katika chumba cha mwako na kuwashwa. Gesi ya moto hutoka kwa kasi na kuzungusha turbini. Katika injini ya jeti gesi hiyo inayotoka nyuma ndiyo inayoisukuma ndege. Katika turbopropela karibu nguvu yote ya gesi hukamatwa na turbini ili kuzungusha shafti, na shafti huzungusha propela, yaani pangaboi, kupitia gia boksi. Gia boksi inahitajika kwa sababu turbini huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na kasi hiyo propela haiwezi kuihimili.

Propela husukuma nyuma kiasi kikubwa cha hewa kwa kasi ndogo, ilhali jeti husukuma kiasi kidogo kwa kasi kubwa. Ndege inapokwenda chini ya takriban kilomita 600 kwa saa, njia ya propela hutumia mafuta kidogo zaidi kwa kazi ileile. Mafunzo ya msingi ya urubani hufanyika karibu yote ndani ya mipaka hiyo ya kasi.

Tucano ya Brazil ina injini ya Pratt & Whitney Canada PT6A-25C yenye nguvu farasi 750. PT6 ina turbini mbili zisizounganishwa kwa shafti moja: ya kwanza huzungusha kompresa na ya pili huzungusha propela. Injini za familia hiyo hutumika pia katika ndege nyingi ndogo za abiria, zikiwemo Cessna Caravan zinazoonekana katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mafundi na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya injini ya kijeshi pekee.

Mafunzo ndani ya ndege

Mwanafunzi hufika kwenye Tucano akiwa amekwisha kujifunza mambo ya awali katika ndege nyepesi. Hapa hujifunza kupaa na kutua kwa kasi kubwa zaidi, kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake bila kuona nje, kuruka usiku, kwenda sambamba na ndege nyingine kwa umbali mdogo, na kufuata njia karibu na ardhi kwa kutumia ramani na saa. Hujifunza pia mizunguko ya sarakasi. Lengo lake ni kumzoesha mwanafunzi kujua ndege imekaaje hata inapokuwa chali, wala hafundishwi ili kuwafurahisha watazamaji.

Zoezi moja muhimu ni kuikoa ndege inayoanguka ikizunguka. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi huku pua ikiwa juu, hewa huacha kupita vizuri juu ya bawa na bawa hupoteza uwezo wa kuibeba. Bawa moja likitangulia kupoteza uwezo huo, ndege huanza kuanguka ikizunguka kama pia. Tucano inaruhusiwa kuingizwa katika hali hiyo kwa makusudi, ili mwanafunzi aione akiwa na mwalimu, juu kabisa, penye nafasi ya kurekebisha. Rubani asiyewahi kuiona huwa anaivuta fimbo ya usukani nyuma kwa hofu, na kufanya hivyo huzidisha tatizo.

Propela ina kasoro moja kwa anayetayarishwa kuendesha jeti. Inapozunguka kwa nguvu nyingi huivuta pua ya ndege upande mmoja, na rubani anapaswa kuizuia kwa mguu kwenye pedali za usukani wa mkiani. Kila badiliko la nguvu hudai badiliko la mguu, jambo ambalo katika jeti halipo kwa kiwango hicho. Baadhi ya walimu waliona huo ni mzigo usio na faida, na wengine waliona unamfundisha mwanafunzi kutumia miguu yake kwa usahihi. Ndege za baadaye kama T-6 Texan II zilipewa kifaa kinachosogeza usukani wa mkiani chenyewe ili kupunguza mvuto huo.

Kuna pia yale ambayo propela haiwezi kufundisha. Tucano haifikii kasi ya jeti za kivita, wala haimzoeshi mwanafunzi mabawa yaliyopinda nyuma au rada ya kivita. Kwa sababu hiyo nchi nyingi huiweka katikati: baada ya ndege nyepesi na kabla ya jeti ya mafunzo ya juu kama BAE Hawk. Faida yake ni kwamba mwanafunzi asiyefaa kuwa rubani wa kivita hugundulika mapema, kabla saa za ghali za jeti hazijatumika.

Short Tucano

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza lilitafuta ndege ya kuchukua nafasi ya Jet Provost. Ndege nne zilifika katika hatua ya mwisho ya mashindano: Pilatus PC-9 ya Uswisi, iliyoungwa mkono na British Aerospace; Turbo Firecracker ya Uingereza; Wamira ya Australia, ambayo ilikuwa bado haijaruka; na Tucano, iliyoletwa na Embraer pamoja na kampuni ya Short Brothers ya Belfast.

Mnamo Machi 1985 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba Tucano imeshinda, na iliagiza ndege 130. Bei ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine iliyozungumzwa sana ni ajira: Short Brothers wakati huo ilikuwa mali ya serikali na mmojawapo wa waajiri wakubwa wa Ireland ya Kaskazini, eneo lililokuwa katika machafuko ya kisiasa na ukosefu wa kazi.

Waingereza hawakuichukua Tucano kama ilivyokuwa. Walitaka ndege inayopanda haraka zaidi na kwenda kasi zaidi karibu na ardhi, ili muda mchache upotee kati ya uwanja na eneo la mazoezi. Injini ya PT6 ikaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Garrett TPE331-12B ya nguvu farasi 1,100, yenye propela ya mapanga manne badala ya matatu. Katika injini ya Garrett kompresa, turbini na propela vimeunganishwa kwa shafti moja inayozunguka kwa mwendo ambao karibu haubadiliki. Rubani anapoongeza nguvu, mapanga hubadilisha pembe mara moja, na ndege huitikia upesi.

Mabadiliko mengine yalihusu uimara na usalama. Mwili wa ndege uliimarishwa ili udumu muda mrefu zaidi kabla ya metali kuchoka. Kioo cha chumba cha rubani kilitengenezwa upya ili kihimili kugongwa na ndege wa porini, hatari ya kawaida kwa anayeruka chini kwa kasi. Breki ya hewani iliongezwa chini ya tumbo, na vyombo vilipangwa kwa namna inayokaribia ile ya Hawk, ndege ambayo mwanafunzi angehamia baadaye. Kutokana na mabadiliko hayo Short Tucano na ile ya Brazil zinafanana kwa sura, lakini ni vipuri vichache tu wanavyoweza kubadilishana.

Ndege ya kwanza iliyotengenezwa Belfast iliruka Desemba 1986. Mwaka 1988 ndege za kwanza zilipelekwa kwa Central Flying School, chuo kinachofundisha walimu wa urubani, kwa kuwa mwalimu hana budi kuijua ndege kabla ya mwanafunzi. Ya mwisho ilikabidhiwa mwaka 1993, na Jet Provost zikastaafu. Kwa miaka mingi Tucano za Uingereza zilikaa katika kambi ya Linton-on-Ouse, Yorkshire. Zilistaafu Oktoba 2019, baada ya kufundisha kwa miaka takriban 30, na nafasi yao ikachukuliwa na Texan T1, ambayo nayo ni ya turbopropela.

Kenya

Kenya ilinunua Short Tucano 12, zinazojulikana kama Mk 51. Zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilikuwa limekwisha kutumia ndege kadhaa za mafunzo kutoka Uingereza: Bulldog ya pistoni kwa wanaoanza, pamoja na Strikemaster na Hawk za jeti. Strikemaster yenyewe ilitokana na Jet Provost, kwa hiyo Kenya ilifuata njia ileile ya Uingereza kutoka jeti ndogo kwenda turbopropela.

Tangu mwaka 1978 Kenya ina ndege za kivita za Northrop F-5, ambazo huruka kwa kasi inayozidi ya sauti. Pengo kati ya ndege nyepesi ya pistoni na F-5 ni kubwa mno kwa rubani kulivuka kwa hatua moja, na Tucano ni daraja katikati. Toleo la Kenya, tofauti na lile la Uingereza, linaweza kubeba silaha chini ya mabawa kwa ajili ya mazoezi ya kulenga shabaha.

Nguvu za injini zina maana ya pekee katika nyanda za juu za Kenya. Uwanja wa Eastleigh mjini Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki, karibu na kambi ya Laikipia, iko takriban mita 1,900. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na mchana wa jua huwa nyepesi zaidi. Mabawa hubeba kidogo, propela hukamata hewa kidogo na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake, hivyo ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ili kupaa. Injini yenye akiba ya nguvu humwachia mwanafunzi nafasi ya kukosea kidogo bila madhara.

Kuwait na Iraq

Kuwait iliagiza Short Tucano 16 za toleo la Mk 52. Uvamizi wa Iraq wa Agosti 1990 ulichelewesha kufika kwake kwa miaka kadhaa. Iraq nayo ilikuwa na Tucano. Mwaka 1983 Misri iliingia mkataba na Embraer wa kuunganisha ndege hizo nchini mwake, na kati ya 134 za mpango huo 80 zilipelekwa Iraq. Hivyo nchi mbili zilizopigana zilikuwa zimechagua ndege moja ya kufundishia marubani wao, moja kupitia Belfast na nyingine kupitia Misri.

Watumiaji wengine

Mbali na Brazil, Misri na Iraq, ndege za EMB 312 zilinunuliwa na Honduras, Venezuela, Argentina, Peru, Paraguay, Kolombia na Iran. Barani Afrika zimetumika pia Angola na Mauritania.

Ufaransa ilipata ndege 50 za toleo la EMB 312F kuanzia miaka ya 1990 ili kuondoa Fouga Magister zilizokuwa zimezeeka. Zilitumika katika chuo cha jeshi la anga cha Salon-de-Provence hadi mwaka 2009. Kwa Embraer, kuuza ndege za kijeshi Uingereza na Ufaransa, nchi zenye viwanda vikubwa vya ndege, kulikuwa mafanikio makubwa ya kiwanda kilichokuwa bado kichanga.

Matumizi ya kivita

EMB 312 ina sehemu nne za kufungia mizigo chini ya mabawa, na inaweza kubeba hadi kilogramu 1,000 za mabomu, roketi au mapipa ya bunduki. Sehemu hizo ziliwekwa kwa ajili ya kufundisha matumizi ya silaha, lakini kwa nchi zisizo na fedha za kununua ndege za kivita zilikuwa pia njia ya kupata ndege ya mashambulizi kwa bei nafuu. Peru, Kolombia na Honduras zilitumia Tucano kufuatilia ndege ndogo za walanguzi wa dawa za kulevya. Kwa kazi hiyo mwendo wake wa wastani ni faida, kwa kuwa jeti hushindwa kwenda sambamba na ndege ya polepole.

Udhaifu wake ulionekana nchini Venezuela tarehe 27 Novemba 1992, wakati wa jaribio la mapinduzi. Wanajeshi waasi walitumia Tucano na ndege nyingine kushambulia malengo ya serikali. Marubani wa F-16 waliobaki upande wa serikali waliangusha ndege kadhaa za waasi, Tucano ikiwa mojawapo. Ndege ya mafunzo, hata ikibeba mabomu, haina kinga mbele ya ndege ya kivita halisi.

Super Tucano na ndege zilizofuata

Katika miaka ya 1990 Marekani ilitafuta ndege moja ya mafunzo kwa ajili ya jeshi lake la anga na jeshi lake la majini. Embraer ilishiriki kwa Tucano ndefu zaidi yenye injini kubwa, EMB 312H. Mwaka 1995 ushindi ulikwenda kwa kampuni ya Beech iliyoleta ndege iliyotokana na PC-9, ambayo baadaye iliitwa T-6 Texan II. Hiyo ndiyo iliyoondoa T-37 katika vyuo vya Marekani.

EMB 312H haikupotea. Ilizaa EMB 314 Super Tucano, iliyoruka mwaka 1999 ikiwa na injini ya nguvu farasi 1,600, siraha ya kumkinga rubani na bunduki ndani ya mabawa. Super Tucano hutumika kwa mafunzo ya juu na kwa mashambulizi mepesi. Katika Afrika zimenunuliwa na Angola, Burkina Faso, Mali, Mauritania na Nigeria, miongoni mwa nyingine.

Wazo la Tucano limeendelezwa pia na mshindani wake wa zamani, Pilatus. Afrika Kusini ilichagua PC-7 Mk II, Omani ilichagua PC-9, na Falme za Kiarabu zilichagua PC-7 kisha PC-21. Katika PC-21, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, vioo vya kidijitali huweza kumwonyesha mwanafunzi rada na silaha za kuigiza ambazo ndege yenyewe haina. Uswisi huitumia kuwaandaa marubani wanaohamia moja kwa moja kwenye F/A-18, bila jeti ya mafunzo katikati. Hatua hiyo ingeonekana ya ajabu katika miaka ya 1960, wakati propela ilihesabiwa kuwa mambo ya kale.

Brazil yenyewe imeendelea kuitumia Tucano kwa mafunzo. Sehemu ya ndege zake imeboreshwa kwa kuwekewa vyombo vya kidijitali na kupewa jina T-27M.

Vipimo vya EMB 312

Wafanyakazi: 2 (mwanafunzi na mwalimu)
Urefu: mita 9.86
Upana wa mabawa: mita 11.14
Kimo: mita 3.40
Eneo la mabawa: mita za mraba 19.4
Uzito bila mizigo: kilogramu 1,810
Uzito wa juu wa kupaa: kilogramu 3,175
Injini: Pratt & Whitney Canada PT6A-25C, nguvu farasi 750
Propela: mapanga 3
Kasi ya juu: kilomita 448 kwa saa

Short Tucano ina upana wa mabawa wa mita 11.28, injini ya Garrett TPE331-12B ya nguvu farasi 1,100, propela ya mapanga 4 na kasi ya juu inayozidi kilomita 500 kwa saa.